Mchezo wa Idd Pili

Sabaki, 2 Julai 1914

Kwa Athman bin Stambuli, karani wa Serikali, Takaungu

Athman,

Salamu zako zilifika. Mimi mzima. Mguu unanisumbua zikinyesha mvua, lakini unanisumbua tangu 1909, tumekwisha zoeana.

Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo. Barua imetoka Mombasa: wamekubali. Watakuja Malindi kucheza nasi siku ya Idd pili, alasiri, watu kumi na mmoja pamoja na mwamuzi wao. Umesahau walivyotufanya mwaka jana? Sita kwa sufuri. Nami nilisimama kando ya uwanja wao nikiwasikia wakimcheka Bharat, wakimwita “duka linatembea.” Wewe hukusikia, ulikuwa unakimbia. Mimi nilisikia kila neno, na Bharat pia.

Sasa timu ni nyingine. Tsuma hapitiki golini. Yule Mgiriama anaudaka mpira kama mtu anayedaka kuku wake mwenyewe. Bharat amepunguza maneno, ameongeza mbio. Lakini katikati sina mtu. Tangu Serikali ikuhamishe, katikati ya uwanja wangu ni mlango wazi, kila mgeni anapita bila hodi.

Unajua kwamba mahali pale ndipo nilipocheza mimi. Miaka sita nilicheza Bukareshti, pamoja na mafundi wa viwanda vya nguo na mafuta. Anayefunga bao hupigiwa makofi. Mtu wa kati hapigiwi, ila akikosekana wote wanaanguka. Siku nilipovunjwa goti daktari aliniambia, “Utatembea. Shukuru.” Nikatembea mpaka huku, kutengeneza mashine za kupambulia pamba, na mpira nikadhani nimeuacha. Halafu nikakuona unacheza pekupeku nyuma ya forodha, ukitazama kwanza kabla ya kupiga. Siku hiyo ndipo nilipogeuka mwalimu.

Omba ruhusa. Siku tatu tu. Jibu lako lipitie dukani kwa Anantrai kama kawaida, mwanawe Bharat huniletea barua akija mazoezini.

Ilie

*

Takaungu, 11 Julai 1914

Kwa Mwalimu wangu mpendwa, Bwana Ilie, Sabaki

Shikamoo Mwalimu. Nimeipokea barua yako nikaisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka mpishi wa hapa akaniuliza ni nani aliyeoa.

Nilikwenda kwa Bwana Mkubwa asubuhi ile ile. Nilimweleza yote: Mombasa, Idd, sita kwa sufuri. Alisikiliza, kisha akasema, “Athman, ofisi haifungwi kwa ajili ya ngozi iliyojazwa upepo.” Sikukata tamaa. Mwezi wa Ramadhani humlainisha kila mtu, hata asiyefunga. Nitamrudia kumi la mwisho.

Mwalimu, huku ninacheza na watu wanaoukimbilia mpira wote kwa pamoja kama mbuzi waliofunguliwa. Nawaambia yale uliyoniambia, geuza shingo kabla mpira haujafika, ujue nani yuko nyuma yako. Wananiona nina wazimu. Nami nilikuona hivyo hivyo mwanzo.

Jambo moja la kuchekesha. Nilipokuwa namsifia Mwalimu wangu kwa Bwana Mkubwa, nikamwambia ni Mrumania. Akauliza, “Rumania ipi? Ile yenye mfalme wake, au ile ya Wahungaria?” Nikamjibu kwamba sikujua kuwa ziko mbili. Akacheka, akaandika kitu kidogo pembeni mwa karatasi yake. Nami nakuuliza wewe, ziko mbili kweli?

Wasalimie Tsuma na Bharat na wote wa Malindi. Wabillahi taufiki.

Mwanafunzi wako,
Athman bin Stambuli

*

Sabaki, 9 Agosti 1914

Athman,

Usicheke ukisoma hii. Ukimaliza ichome.

Ziko mbili.

Nimewaambia watu natoka Bukareshti, na si uongo, ndiko nilikotoka. Lakini sikuzaliwa huko. Nilizaliwa Brashov, ng'ambo ya milima, katika nchi ya mfalme wa Hungaria. Nyumbani kwetu tunasema Kirumania, tunasali Kirumania, mama yangu hajui lugha nyingine. Lakini karatasi yangu ni ya Kihungaria, na muhuri wake una taji la Wahungaria. Nilivuka milima nikiwa na miaka kumi na tisa ili nisivae sare yao. Sasa Hungaria inapigana upande wa Wajerumani, na Wajerumani wanapigana na Waingereza. Leo au kesho mfalme nisiyemtaka atakuwa adui wa watu ninaoishi katika nchi yao, nami nitakuwa mtu wake.

Mombasa Wajerumani wamekwisha kusanywa. Hapa Sabaki pia hakuna raha. Askari wamejaa kwa sababu ya Wagiriama wanaoamrishwa wahame kutoka upande wa kaskazini wa mto. Tsuma huja mazoezini kwa kupitia vichakani. Na kila askari akinipita najiona kama nimebeba kitu cha wizi.

Kampuni ya pamba ina mkataba wangu, na mkataba unasema Brashov. Hakuna aliyeutazama kwa miaka minne. Labda hakuna atakayeutazama.

Swali ni la kwako. Yule Bwana akikuuliza tena, utasema nini? Sikwambii useme uongo. Nakuuliza tu, nijue.

Mchezo uko pale pale. Nisipokuwa na wewe nitamjaribu Bharat katikati.

Ilie

*

Takaungu, Ijumaa, 21 Agosti 1914

Kwa Mwalimu. HARAKA SANA.

Mwalimu wangu, sina muda wa salamu.

Juzi Bwana Mkubwa aliniita. Alikuwa na mkataba wako mezani, umeletwa kutoka Mombasa, kampuni ndiyo iliyoutoa. Aliniuliza, “Ulijua?” Nikasema sikujua. Mwenyezi Mungu anisamehe, nimo katika mwezi wa toba na nimesema uongo nikiwa nimefunga. Akanitazama sana. Kisha akanipa orodha ya raia wa maadui kutoka Mtwapa mpaka Mambrui ili niinakili kwa mwandiko safi, ipelekwe Malindi. Majina ni matano. Lako ni la nne. Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaharibu karatasi mbili.

Watakuchukua Jumatatu au Jumanne, wakisubiri Idd ipite ili mji usichafuke. Baada ya hapo ni kambi, na vita hivi hakuna anayejua mwisho wake.

Sikiliza. Mjomba wangu Shee bin Mbwana wa Mambrui anasafiri kwa chombo chake Jumapili, mara baada ya sala ya Idd, kwenda Lamu, na kutoka Lamu atafika Barawa. Barawa ni kwa Wataliana, nao hawamo vitani. Nimekwisha mtumia neno kwa kinywa cha mtu ninayemwamini. Hatakuuliza lolote. Fika Mambrui kabla watu hawajatoka msikitini. Usichukue mzigo. Usimuage mtu.

Tarishi anaondoka sasa hivi, atafika dukani kwa Anantrai kesho alasiri. Barua hii ikionekana nami nitakwenda jela, kwa hiyo ichome, wala usiikunje mfukoni.

Achana na mchezo, Mwalimu. Nakuomba. Mombasa tutawafunga siku nyingine.

Athman

*

Malindi, 26 Agosti 1914

Kaka Athman,

Salamu sana. Nakuandikia mimi Bharat kwa sababu najua hakuna mwingine atakayekuandikia, na sijui nianze na furaha au na msiba, kwa hiyo nitaanza na mchezo wenyewe.

Tulishinda. Mbili kwa moja! Mji mzima ulikuwa pale, waliovaa kanzu mpya na watoto wenye fataki zao, hata mama yangu Motiben alisimama kwa mbali akijifanya anapita. Mombasa walitangulia. Wakapumzika kidogo, wakarudi wakicheka kama mwaka jana. Mwalimu alituita tukae chini. Hakupiga kelele. Alisema, “Mnawacheza wao. Chezeni mpira.” Kisha akanishika bega akasema, “Wewe ndiye mlango. Funga.” Kwa maana mimi ndiye niliyecheza katikati, Kaka Athman, mahali pako. Aliniambia Jumamosi.

Tsuma alizuia mikwaju mitatu ambayo hata sasa sijui aliizuiaje. Bao letu la kwanza aliingiza kinyozi wa Mambrui kwa kichwa. La pili nililifunga mimi. Niligeuza shingo kama anavyotufundisha, nikamwona mlinzi wao ananijia, nikampisha, nikapiga. Yule yule aliyeniita duka linatembea.

Sasa msiba. Zikiwa zimebaki dakika chache nikaona askari wanne na afisa mmoja wamesimama nyuma ya goli. Nilidhani wanatazama mchezo. Nadhani walitazama kweli, kwa sababu walisubiri mpaka firimbi. Watu wakaingia uwanjani kunibeba, na nikiwa juu ya mabega yao nikamwona Mwalimu anazungumza na afisa. Afisa alikuwa na karatasi. Mwalimu aliisoma, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kusoma jina moja. Kisha akawapa mikono yake. Hakugeuka nyuma. Nilimwita, sidhani alisikia, ngoma zilikuwa zinapigwa.

Wamempeleka Mombasa. Tsuma amerudi kwao upande wa Adu, na huko kunawaka moto kweli kweli, askari wanachoma nyumba. Timu haipo tena.

Wako,
Bharat Anantrai

*

Takaungu, 30 Agosti 1914

Bharat ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako. Hongera kwa bao. Naisema kwa moyo safi.

Sasa nijibu jambo moja tu, tena nijibu kwa mdomo wa anayetuletea barua hii ukiona karatasi haifai. Mwalimu aliondokaje nyumbani kwake siku ile? Nilimtumia salamu za Idd kupitia dukani kwenu, zilikuwa zifike Jumamosi alasiri. Je, alizipata? Alisema nini? Nifikiri alizipata akachagua kubaki, au nifikiri nini?

Jambo hili linaninyima usingizi, nami siwezi kukuambia kwa nini.

Athman bin Stambuli

*

Malindi, 8 Septemba 1914

Kaka Athman,

Salamu zako za Idd sina habari nazo. Siku zile matarishi walichelewa wote kwa sababu ya askari njiani, na baba alikuwa na wateja wengi wa sikukuu. Huenda zilifika zikapotea. Huenda Mwalimu alizipata kwa mtu mwingine. Sijui. Mimi nilikuwa mazoezini.

Usiulize sana, Kaka. Nyakati hizi kuuliza si vizuri.

Bharat

*

Kambi ya wafungwa wa vita, Bara Hindi, 14 Machi 1915

Athman bin Stambuli,

Wametuleta kwa meli. Tuko mia kadhaa ndani ya uzio wa seng'enge, Wajerumani, Waaustria, na watu kama mimi ambao hatujui tuko upande gani. Wajerumani hawanitaki mezani kwao kwa sababu mimi si mtu wao. Waingereza wanasema mimi ni mtu wa Wajerumani.

Naandika kwa Kiswahili. Wamenizuia kuandika mwezi mzima wakimtafuta mtu wa kuisoma lugha hii. Wamempata. Kwa hiyo nitasema kidogo.

Siku ya Idd pili afisa alinionyesha karatasi. Mwandiko wako naujua. Mimi ndiye niliyekununulia kalamu ile ya nibu pana ulipopata ukarani. Herufi B ya jina langu uliizungusha vizuri, kama unavyoizungusha siku zote.

Nilikuuliza Agosti: utasema nini? Hukunijibu. Nilingoja. Nilidhani ni Ramadhani, nilidhani ni askari njiani. Sasa nimepata jibu.

Mimi sikulaumu kwa kusema kweli. Nakulaumu kwa kunyamaza. Neno moja tu ungeniandikia, “Toka.” Herufi nne.

Ilie Bârsan, nambari 1143

*

Takaungu, 2 Juni 1915

Kwa Bwana Ilie Bârsan, nambari 1143

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako imefika nami nimeihifadhi. Yako mengi ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba, nawe unajua karatasi hii inapita mikononi mwa nani kabla haijafika kwako.

Naomba unielewe hivi: kile nilichoamriwa nilikifanya, kwa kuwa mimi ni mtumishi. Lakini ile zawadi ya Idd niliyokutumia kupitia dukani, siku ya Ijumaa, je, haikufika? Fikiri vizuri, Mwalimu. Zawadi ya Idd. Ya Jumapili.

Ningekuwa na uhuru wa kusema, ningesema. Mwenyezi Mungu ni shahidi wa yaliyo kifuani.

Tsuma amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hatuna habari zake.

Athman bin Stambuli

*

Kambi, Bara Hindi, 5 Novemba 1916

Athman,

Hii ni ya mwisho, kisha usiniandikie tena.

Rumania sasa imeingia vitani upande wa Waingereza. Nilifurahi siku moja. Niliandika maombi kwamba mimi ni Mrumania, niachwe. Walijibu kwamba karatasi yangu ni ya Kihungaria. Nikaandika tena, wakasema nilete mashahidi wanaonijua. Nani ananijua? Nikafikiria Malindi. Nikaacha.

Kuhusu zawadi yako ya Idd, sikupata zawadi, na sikuihitaji. Nilihitaji onyo. Unaniandikia habari za zawadi kama mtu anayemrushia mfungwa peremende. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta ndani yake yule mtu niliyemfundisha, sikumwona.

Hapa nafundisha mpira. Timu nne, na uwanja wa mawe. Mtu wangu wa kati ni mwokaji mikate wa Dar es Salaam, Mjerumani, ana miaka arubaini na pumzi fupi, lakini anatazama kabla ya kupiga. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia hata ukijaribu. Ndiyo maana bado nakukasirikia.

I. B.

*

Malindi, 17 Januari 1919

Kaka Athman,

Nimeandika barua hii mara sita tangu mwaka uanze. Safari hii nitaipeleka hata ikiwa mbaya.

Wiki iliyopita walikuja dukani vijana wa hapa, kumi na wawili, wametengeneza timu mpya. Wakasema, “Bharatbhai, wewe ndiye uliyewafunga Mombasa. Tufundishe.” Mke wangu Daksha akafurahi, akanisukuma nitoke. Nikaenda. Nikasimama pale pale alipokuwa akisimama Mwalimu, wakakaa chini wakinitazama, nami nikageuka. Nikarudi nyumbani. Daksha akaniuliza nina nini, nikamwambia, naye akasema, “Mwandikie Athman leo, au nitamwandikia mimi.”

Barua yako ya Ijumaa ilifika. Niliipokea mimi Jumamosi alasiri. Juu yake ilikuwa imeandikwa “HARAKA SANA,” nikaogopa ni habari ya kifo, nikaifungua. Naapa niliifungua kwa sababu hiyo. Lakini nikiisha kuisoma, sikuifunga na kukimbia Sabaki kama ambavyo ningekimbia kwa habari ya kifo.

Mwalimu alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba nitacheza katikati. Kaka, hujui walivyonicheka Mombasa. Ulikuwa unakimbia. Mimi nilitaka siku moja. Nikajiambia: barua inasema Jumatatu au Jumanne, wacha iwe Jumanne. Mchezo ukiisha nitampa mkononi, aondoke kwa njia nyingine, nitamtafutia mimi mwenyewe hata punda. Chombo cha mjomba wako niliona kikiondoka Jumapili, nilikuwa Mambrui kumpa mkono wa Idd kinyozi wetu. Nilikiona, nikanyamaza.

Jumatatu nilicheza nayo kiunoni, chini ya jezi yangu. Nilifunga bao nikiwa nayo. Niliponyanyuliwa mabegani nilikuwa naipapasa ili nimpe.

Kisha nikakuandikia uongo, kwa sababu uliniuliza kwa upole. Ungenitukana labda ningesema.

Nimeiweka ndani ya hii. Sikuichoma kamwe. Nifanye nini?

Bharat

*

Malindi, 10 Machi 1919

Kwa Mwalimu wangu, Bwana Ilie Bârsan

Shikamoo Mwalimu.

Leo naandika wazi, na anayetaka kuisoma njiani aisome. Nimeacha kazi ya Serikali tangu tarehe mosi. Nimerudi Malindi kwa mama, nashona kofia. Niliacha ili niweze kukuandikia barua hii, na nasikitika kwamba ilinichukua miaka minne na nusu kujua kwamba njia ilikuwa nyepesi hivyo.

Ndani yake utakuta barua mbili. Ya kwanza ni yangu ya Ijumaa, tarehe 21 Agosti 1914. Itazame tarehe, utazame mwandiko, herufi B ni ile ile. Hiyo ndiyo niliyoiita zawadi ya Idd, kwa kuwa sikuweza kuitaja kwa jina lake bila kujifunga mwenyewe. Ya pili ni ya Bharat. Nimemwambia kwamba nitakuletea, akasema, “Mpelekee.” Alikuwa analia, nami sikumfariji.

Sitaki unione mwema kuliko nilivyo. Onyo nilituma, ndiyo. Lakini uliponiandikia kutoka kambini ukanihukumu, ningeweza kusimama mbele ya Bwana Mkubwa nikasema, “Mimi nilimwandikia atoroke, na mimi nashuhudia kwamba ni Mrumania.” Ulipoomba mashahidi, nilikuwa shahidi, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikinakili orodha nyingine. Niliogopa jela. Wewe ulikuwa umefungwa, nami nikaogopa kufungwa, ndiyo kweli yote. Bharat alificha barua siku mbili ambazo ingekufaa. Mimi nilijificha miaka minne.

Tsuma hakurudi. Aliyerudi kutoka safari yao alisema alikufa kwa tumbo, njiani, upande wa Wajerumani. Mkewe Mapenzi yuko Sabaki. Nilikwenda kumpa pole, akaniuliza kama wewe u hai. Nikasema sijui.

Nijulishe kama u hai, hata ikiwa ni kwa neno moja la kunilaani.

Athman bin Stambuli

*

Brashov, 19 Oktoba 1919

Athman,

Niko hai. Barua yako ilikwenda kambini ikanikosa, ikanifuata Bukareshti, ikanipata hapa. Waliniachilia mwezi wa tano.

Nimeiweka barua yako ya Ijumaa mezani siku nne. Kila nikipita naisoma mahali unaposema, “Achana na mchezo, Mwalimu.” Niliandika kwamba neno moja lingetosha. Uliniandikia karatasi nzima, nami nikakaa kambini nikikuchukia. Mimi ndiye ninayeomba radhi. Niliuona mwandiko wako, nikasahau ninakujua wewe.

Kwa habari ya kuogopa jela: mimi nilikuwa ndani yake. Ulikuwa na haki ya kuiogopa. Lakini umesema kweli ulipoweza kunyamaza, na kazi umeiacha, hilo nimeliona.

Brashov sasa ni Rumania. Nina karatasi mpya, imeandikwa kwa lugha yangu. Nafundisha mpira mafundi wanafunzi wa karakana ya reli. Tumecheza mara tatu, tumefungwa mara tatu. Mwambie Mapenzi kwamba nilimwona mumewe akizuia mikwaju mitatu ya watu wa Mombasa, na kwamba tangu siku hiyo sijaona mlinda lango mwingine wa namna ile, na nimewaona wengi.

Hiyo nyingine ni ya Bharat. Sikuifunga. Isome, kisha umpe mkononi mwake siku hiyo hiyo.

Ilie

*

Brashov, 19 Oktoba 1919

Bharat,

Nimesoma maneno yako. Unataka kujua, ingawa hukuuliza, kama ningeondoka. Ningeondoka. Ningeacha mchezo, na Tsuma, na wewe, na Jumapili ile ningekuwa chomboni kabla pilau halijaiva. Usijidanganye kwamba ningebaki kwa ajili ya timu. Nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa na mama.

Alifariki Februari 1917. Jirani anasema alikuwa akimsimamisha kila mpeleka barua, hata wa mtaa mwingine.

Nimepima upande wa pili pia. Ningefika huku mapema, Wahungaria wangenivika sare, na wenzangu niliocheza nao utotoni wengi wako chini ya ardhi kwa sare ile. Labda uliniokoa. Lakini hukulijua hilo ulipoiweka barua kiunoni, kwa hiyo siwezi kuliweka upande wako.

Ulicheza vizuri siku ile. Nilitaka kukuambia, afisa hakunipa nafasi. Uligeuza shingo, ukampisha, ukapiga kwa wakati. Hata kambini nilikuwa nawaeleza watu bao lile. Hilo ni kweli, na lile lingine ni kweli, nami sijui kuyatia mahali pamoja.

Rudi kwa wale vijana kumi na wawili. Hawana kosa. Usiwaeleze habari zangu, wafundishe kutazama.

Unaomba msamaha. Leo sina. Sikunyimi, nimeutafuta siku nne, sijaupata. Niandikie mwakani, uombe tena.

Ilie Bârsan